Historia ya Kituo cha Redio cha KDKA, Pittsburgh: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

KDKA ni kituo gani hasa?

KDKA ni kituo cha redio cha mjini Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kinachorusha matangazo yake kwa mawimbi ya kati, yaani AM, kwenye masafa ya kilohezi 1020 na kwa nguvu ya wati 50,000. Kilianza kazi tarehe 2 Novemba 1920. Walio mbali hukitaja kama redio ya kwanza duniani, ilhali wenyeji wa Pittsburgh wamekijua zaidi kwa habari za asubuhi, maongezi ya usiku na mechi za besiboli. Majibu yaliyo hapa chini yanafuata mtiririko wa miaka, isipokuwa swali la nani alikuwa wa kwanza, ambalo limetangulizwa kwa sababu huulizwa kuliko yote mengine.

Je, ni kweli kwamba KDKA ndiyo redio ya kwanza duniani?

Ikiwa anayeuliza ana maana ya mtu wa kwanza kupeleka sauti au muziki hewani kwa ajili ya yeyote awezaye kuunasa, jibu ni hapana. Charles Herrold alikuwa akifanya hivyo huko San Jose, California, tangu mwaka 1909. Lee de Forest alirusha opera kutoka New York mwezi Januari 1910. Huko The Hague, Uholanzi, Hanso Idzerda alirusha muziki tarehe 6 Novemba 1919 baada ya kuutangaza mapema gazetini, jambo ambalo wapenzi wa KDKA hulipita haraka haraka wanaposimulia. Mwaka 1920 wenyewe ulijaa washindani: kituo cha XWA cha Montreal mwezi Mei, mwimbaji Nellie Melba akiimba katika mtambo wa kampuni ya Marconi huko Chelmsford, Uingereza, mwezi Juni, opera iliyorushwa kutoka Teatro Coliseo mjini Buenos Aires tarehe 27 Agosti, na kituo cha 8MK cha gazeti la Detroit News, ambacho baadaye kiliitwa WWJ, kilichoanza tarehe 20 Agosti. Kituo hicho cha Detroit nacho kilitoa matokeo ya uchaguzi wa rais wa Marekani usiku uleule wa Novemba ambao KDKA inauhesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa.

Kinachobaki kwa KDKA ni dai jembamba zaidi lakini lenye nguvu. Kituo hiki kilikuwa na leseni ya kibiashara, iliyotolewa na Idara ya Biashara ya Marekani tarehe 27 Oktoba 1920, wakati Herrold na wenzake wengi walikuwa na leseni za majaribio au za watu wasio wa taaluma hiyo. Hata hapo pana tahadhari ya kuchukuliwa, kwa kuwa aina maalumu ya leseni ya utangazaji kwa umma haikuwapo bado. Ya kwanza kutaja jambo hilo waziwazi ilitolewa kwa WBZ ya Springfield, Massachusetts, tarehe 15 Septemba 1921. Kwa hiyo anayetegemea neno la leseni peke yake atakuwa amejenga juu ya mchanga.

Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, hoja nzito zaidi haimo katika usiku wa uchaguzi hata kidogo, bali katika usiku uliofuata na ule uliofuata baada ya huo. KDKA ilirudi hewani kila jioni kwa ratiba inayojulikana, mwanzoni kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu usiku, na msikilizaji akajua kwamba akiwasha chombo chake saa ile atakuta kitu. Mazoea hayo ndiyo yaliyougeuza mchezo wa mafundi kuwa huduma ya watu.

Frank Conrad alikuwa nani, na gereji inayotajwa ina uhusiano gani na kituo hiki?

Frank Conrad alizaliwa mwaka 1874, akaacha shule mapema, na akaajiriwa na kampuni ya umeme ya Westinghouse akiwa bado kijana mdogo. Alipanda ngazi hadi kuwa msaidizi wa mhandisi mkuu, na katika maisha yake alijipatia hataza zaidi ya 200, nyingi zikiwa za mita za umeme na vifaa vya aina hiyo. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 1928, yeye ambaye hakuwahi kumaliza hata elimu ya sekondari.

Inasimuliwa kwamba aliingia katika redio kwa sababu ya ubishi. Aliwekeana dau la dola tano na mfanyakazi mwenzake juu ya usahihi wa saa yake ya bei nafuu, na ili aamue ubishi huo akaunda kipokeo cha kunasa ishara za wakati zilizorushwa na kituo cha jeshi la majini kilichoko Arlington, Virginia. Kutoka kupokea akahamia kurusha. Katika ghorofa ya juu ya gereji yake huko Wilkinsburg, kitongoji kilicho mashariki mwa Pittsburgh, aliweka mtambo uliopewa leseni mwaka 1916 kwa jina la 8XK. Tarakimu 8 ilionyesha wilaya ya nane ya redio, na herufi X ilionyesha kwamba kituo ni cha majaribio. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, vituo vya watu binafsi vilifungwa, naye akatumia muda huo kuunda mitambo ya kijeshi kwa ajili ya kampuni.

Baada ya vita Conrad alirudi hewani akiwa na mitambo bora zaidi iliyotumia valvu, na mwezi Oktoba 1919 alichoka kuzungumza. Alipotaka wenzake wapime ubora wa mawimbi yake, aliweka kipaza sauti mbele ya gramafoni na kuacha santuri ipige. Barua zikaanza kumiminika, watu wakiomba wimbo huu au ule, na wengine wakimsihi apige saa fulani ili wawaonyeshe majirani wasioamini. Maombi yalipozidi, alitangaza kwamba atapiga muziki jioni maalumu kila wiki, na wanawe wawili, Francis na Crawford, wakawa wanamsaidia kutangaza. Santuri za nyumbani zilipomwishia, duka la muziki la Hamilton hapo Wilkinsburg lilikubali kumwazima nyingine kwa sharti kwamba alitaje duka hewani. Mwenye duka aligundua upesi kwamba santuri zilizopigwa kwa Conrad ziliuzika kuliko zile ambazo hazikupigwa.

Kwa nini kampuni ya umeme iliamua kuanzisha redio?

Ili iuze vipokeo. Kampuni yenyewe haikulificha jambo hili, ingawa maadhimisho ya baadaye yalipenda kulivika maneno ya heshima zaidi.

Tarehe 29 Septemba 1920 duka kubwa la Joseph Horne liliweka tangazo katika gazeti la Pittsburgh Sun likieleza kwamba muziki wa Conrad ulikuwa ukisikika dukani humo, na kwamba vipokeo vilivyokwisha kuundwa vinapatikana kwa bei ya kuanzia dola 10. Harry P. Davis, makamu wa rais wa Westinghouse, aliliona tangazo hilo. Mpaka hapo wafanyabiashara walikuwa wakiiona simu ya upepo kama chombo cha mawasiliano baina ya pande mbili, na kasoro yake kubwa ilikuwa kwamba kila mtu angeweza kusikiliza mazungumzo yasiyomhusu. Davis aliigeuza kasoro hiyo kuwa ndiyo bidhaa: ikiwa kila mtu anaweza kusikia, basi kila nyumba inaweza kununua chombo cha kusikilizia, mradi kiwepo kitu cha kusikiliza kila siku. Westinghouse ilikuwa na kiwanda, mafundi na ujuzi uliobaki bila kazi baada ya mikataba ya vita kwisha, na biashara ya mawasiliano ya kuvuka bahari ilikuwa imekwisha kushikwa na kampuni ya RCA. Davis alimwita Conrad na wenzake, akawaagiza wawe na kituo tayari kabla ya uchaguzi wa rais, ambao ulikuwa umebakiza takriban mwezi mmoja.

Je, kituo kilikuwa na matangazo ya biashara tangu mwanzo?

Hapana. Gharama zilibebwa na Westinghouse kwa matumaini ya mauzo ya vipokeo. Tangazo la kulipiwa linalohesabiwa kwa kawaida kuwa la kwanza lilirushwa na kituo kingine, WEAF cha New York, tarehe 28 Agosti 1922.

Ni nini kilitokea usiku wa tarehe 2 Novemba 1920?

Mtambo wa wati 100 uliwekwa ndani ya kibanda kilichojengwa juu ya paa la jengo la kiwanda cha Westinghouse huko East Pittsburgh, na antena ikatandazwa juu yake. Leo Rosenberg, aliyekuwa mfanyakazi wa idara ya uenezi ya kampuni, ndiye aliyesoma. Matokeo yalitoka katika chumba cha habari cha gazeti la Pittsburgh Post kwa njia ya simu. Mtu mmoja aliyapokea kibandani, akayaandika, akampa Rosenberg, naye akayasoma mbele ya kipaza sauti. Katikati ya taarifa ulipigwa muziki, na mara kwa mara Rosenberg aliwaomba wanaomsikia wawasiliane na kituo ili ijulikane mawimbi yamefika wapi na yanasikika namna gani. Ombi hilo lilikuwa la dhati, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na njia nyingine ya kujua kama wako wasikilizaji kumi au elfu. Makadirio yanayotajwa kwa kawaida ni kati ya watu 500 na 1,000, wengi wao wakiwa wapenzi wa simu ya upepo waliojiundia vipokeo vyao, pamoja na wafanyakazi na marafiki wa kampuni waliokuwa wamepewa vyombo.

Conrad hakuwapo kibandani. Alibaki kwenye gereji yake Wilkinsburg, mtambo wake ukiwa tayari kuchukua nafasi endapo ule mpya ungeharibika. Haukuharibika.

Mshindi wa uchaguzi alikuwa Warren Harding wa chama cha Republican, aliyemshinda James Cox wa chama cha Democratic. Wagombea hao wote wawili walitoka jimbo la Ohio na wote wawili walikuwa wamiliki wa magazeti, wala haielekei kama kuna aliyewaza usiku ule kwamba gazeti lilikuwa likimsomea mshindani wake mpya habari zake kwa simu, bila malipo.

Swali dogo linaloandamana na hili ni la jina. Barua ya leseni ya KDKA ilikuwa imetolewa siku chache tu kabla, na katika siku hizo za mwanzo kampuni ilikuwa pia na jina la muda la 8ZZ. Watafiti kadhaa wanaamini kwamba hilo ndilo lililotumika hewani usiku wa kwanza.

Je, kuna rekodi ya sauti ya usiku huo?

Hakuna. Rekodi inayosambaa, ambamo Rosenberg anasikika akisoma matokeo ya Harding na Cox, ni igizo lililofanywa miaka mingi baadaye kwa ajili ya kumbukumbu. Ni vyema jambo hili lisemwe kwa ukali kidogo, kwa sababu igizo hilo hupigwa katika vipindi na maonyesho bila maelezo yoyote, na wanafunzi huandika ripoti wakilichambua kana kwamba ndilo tukio lenyewe. Sauti yake ni safi mno kwa chombo cha mwaka 1920, na hiyo peke yake ingetosha kumtia msikilizaji shaka.

Mbona jina linaanza kwa herufi K ilhali Pittsburgh iko mashariki mwa Marekani?

Kanuni inayojulikana leo, ya kwamba vituo vilivyo mashariki mwa mto Mississippi huanza kwa W na vya magharibi kwa K, haikuwa imewekwa kwenye mto huo hadi mwaka 1923. KDKA ilipewa herufi zilizofuata katika orodha ileile iliyotumiwa kwa meli. Herufi hizo hazina maana yoyote wala si kifupi cha jina la mtu, ingawa tafsiri za kubuni zipo nyingi. Pittsburgh ina mfano mwingine wa aina hiyo, KQV, na Philadelphia ina KYW, ambacho Westinghouse ilikianzisha Chicago mwaka 1921 kabla hakijahamishwa.

Vipindi vya mwanzo vilikuwa vya namna gani?

Vilikuwa vya kujaribu kila kitu mara moja ili ionekane kitakachoshika. Tarehe 2 Januari 1921 kituo kilirusha ibada ya jioni kutoka Kanisa la Kiepiskopali la Calvary mjini Pittsburgh, na mafundi walivaa majoho ya kwaya ili wasiwavuruge waumini. Inasemekana mmoja wao alikuwa Myahudi na mwingine Mkatoliki. Tarehe 11 Aprili mwaka huohuo pambano la masumbwi kati ya Johnny Ray na Johnny Dundee lilisimuliwa na mwandishi wa michezo Florent Gibson. Tarehe 5 Agosti ukafuata mchezo wa kwanza wa ligi kuu ya besiboli kuwahi kutangazwa redioni, timu ya Pittsburgh iitwayo Pirates ikiwafunga Phillies wa Philadelphia 8 kwa 5 katika uwanja wa Forbes Field, na tarehe 8 Oktoba mpira wa miguu wa Kimarekani kati ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh na kile cha West Virginia.

Wakulima nao walisomewa bei za mazao na mifugo, na mwaka 1923 kituo kilimwajiri Frank Mullen, anayehesabiwa kuwa mtangazaji wa kwanza wa kilimo wa kudumu. Kwa mkulima aliyekuwa akipata gazeti likiwa limechelewa siku mbili, bei ya leo ilikuwa na thamani kuliko muziki wowote.

Je, ni kweli kwamba studio ya kwanza ilikuwa hema?

Ni kweli, na sababu yake ni ya kiufundi. Kituo kilipoanza kurusha bendi na waimbaji badala ya santuri, vyumba vya kiwanda vilionekana kuwa na mwangwi mkubwa uliovuruga sauti yote. Mafundi walipowapeleka wanamuziki nje, juu ya paa, mwangwi ukatoweka. Ili kuwakinga na mvua wakawapigia hema. Majira ya joto ya mwaka 1921 yalipita hivyo, pamoja na filimbi ya treni iliyopita karibu na kiwanda saa mbili na nusu usiku na kusikika hewani kila mara. Upepo wa majira ya kupukutika majani ulipoling'oa hema, wakalihamishia ndani ya jengo, wakagundua kwamba hata humo turubai linafyonza mwangwi vizuri. Mapazia mazito ya studio za redio zilizofuata yalitokana na uzoefu wa namna hiyo.

Nani alikuwa mtangazaji wa kwanza?

Rosenberg ndiye aliyesoma usiku wa kwanza, lakini mtu wa kwanza kuifanya kazi hiyo kwa kudumu alikuwa Harold Arlin, mhandisi kijana wa Westinghouse aliyeanza kutangaza mwaka 1921. Ni yeye aliyesimulia ule mchezo wa kwanza wa besiboli, akiwa amekaa nyuma ya kituo cha mpigaji na kutumia simu iliyogeuzwa kuwa kipaza sauti, pasipo kuwa na mtu wa kumwiga kwa sababu hakuna aliyewahi kuifanya kazi ile kabla yake.

Arlin alipenda kusimulia siku ambayo mchezaji mashuhuri Babe Ruth aliletwa studioni kusoma hotuba aliyoandikiwa. Ruth, aliyezoea kelele za maelfu ya watu, alikabwa na woga mbele ya kipaza sauti na asiweze kutamka neno. Arlin alichukua karatasi, akajifanya ndiye Ruth, akaisoma mpaka mwisho huku Ruth mwenyewe akiwa ameegemea ukuta akivuta sigara. Kisha kituo kikapokea barua za kusifu sauti nzuri ya Babe Ruth. Kisa hiki kinatoka kwa Arlin peke yake, na msomaji akipokee kwa kiasi hicho.

Kwa nini kituo cha mji mmoja husikika hadi majimbo ya mbali, tena usiku tu?

Mchana mawimbi ya kati husafiri kwa kuambaa ardhi, na yale yanayopanda juu hufyonzwa na tabaka la chini la ionosfea, yaani sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji za umeme, ambalo wataalamu huliita tabaka D. Jua likizama tabaka hilo hufifia, na mawimbi yaliyokuwa yakipotea hufika tabaka za juu zaidi na kurudishwa duniani mamia ya kilomita kutoka kwenye mnara. Ndiyo maana kituo chenye wati 50,000 huweza kuhudumia kusini-magharibi mwa Pennsylvania mchana na sehemu kubwa ya mashariki mwa Marekani na Kanada usiku.

Fizikia hiyo isingetosha bila sheria. KDKA ilitengewa masafa yake kama chaneli safi, maana yake vituo vingine vilizuiwa kuyatumia usiku kwa namna ya kukiingilia. Tangu mwaka 1980 ulinzi huo umepunguzwa na kubaki kwa eneo la takriban maili 750 kutoka kituoni, na vituo vya mbali hushiriki masafa hayo. Huko Los Angeles, kwa mfano, kilohezi 1020 ni ya KTNQ.

Je, masafa yamekuwa 1020 tangu mwanzo?

La. Kuanzia Desemba 1921 vituo vyote vya burudani nchini vilitakiwa kubanana kwenye wimbi moja la mita 360, yaani kilohezi 833, na kugawana saa, hali ambayo haikuweza kudumu wakati ambapo mwishoni mwa mwaka 1922 vituo vilikuwa zaidi ya 500. Mgawanyo mpya wa taifa wa mwaka 1928 uliiweka KDKA kwenye 980, na makubaliano ya nchi za Amerika Kaskazini yaliyoanza kutumika tarehe 29 Machi 1941 yakaihamishia 1020.

KDKA ilihusika vipi na mawimbi mafupi?

Hapa Conrad anarudi tena, na pengine hiki ndicho mchango wake mkubwa zaidi, ingawa maadhimisho hukitaja kidogo. Wataalamu wengi wa miaka ya 1920 waliamini kwamba mawimbi marefu ndiyo ya kufika mbali, na kwamba mafupi hayana faida. Conrad aliyajaribu na kuona kinyume chake. Mwaka 1923 vipindi vya KDKA vilirushwa kwa mawimbi mafupi na kunaswa Uingereza, na mwaka huohuo Westinghouse ikaanzisha kituo cha KFKX huko Hastings, Nebraska, kilichopokea matangazo ya Pittsburgh kwa mawimbi mafupi na kuyarusha upya. Mwaka 1924, akiwa hotelini London, Conrad alimsikilizisha David Sarnoff wa RCA sauti ya KDKA kwa kipokeo kidogo, fimbo ya pazia la dirisha ikitumika kama antena. Biashara ya mawasiliano ya kuvuka bahari, iliyokuwa imewekeza fedha nyingi katika minara mikubwa ya mawimbi marefu, ililazimika kufikiri upya.

Kwa njia hiyohiyo kituo kilikuwa na huduma ya kaskazini ya mbali, iliyowasomea salamu za jamaa zao askari, wamisionari na wafanyakazi wa vituo vya biashara vya kampuni ya Hudson's Bay huko Aktiki, mahali ambapo barua ya kawaida ingeweza kuchukua mwaka mzima kufika.

Televisheni ilipoingia, redio ilipona vipi?

Westinghouse ilinunua kituo cha televisheni cha WDTV kutoka kampuni ya DuMont kwa dola milioni 9.75, bei iliyokuwa kubwa mno kwa wakati ule, na mwezi Januari 1955 ikakiita KDKA-TV. Redio ilijiokoa kwa kuwa ya mahali zaidi kuliko ilivyowahi kuwa. Rege Cordic, aliyevutwa kutoka kituo jirani mwaka 1954, alitawala asubuhi za Pittsburgh hadi mwaka 1965 kwa mizaha na wahusika wa kubuni. Mmojawapo wa mizaha yake, bia iitwayo Olde Frothingslosh ambayo povu lake hukaa chini, ulipendwa hata kampuni ya bia ya mjini humo ikatoa makopo halisi yenye jina hilo wakati wa sikukuu.

Usiku ulikuwa wa Ed na Wendy King, mume na mke walioendesha Party Line kuanzia mwaka 1951 hadi 1971. Kilikuwa kipindi cha simu ambacho sauti ya mpigaji haikusikika hewani kamwe: Ed na Wendy walimsikiliza, wakawaeleza wasikilizaji alichosema, wakaendelea. Kwa aliyezoea vipindi vya simu vya leo jambo hilo huonekana kama kasoro, lakini liliwaondolea watu woga, na mazungumzo yakawa ya upole.

Kwa nini wazee wa Pittsburgh bado wanalalamika juu ya Bob Prince?

Prince alianza kutangaza michezo ya Pirates mwaka 1948, na KDKA ilipochukua haki za michezo hiyo mwaka 1955 alikuwa ndiye sauti yake kuu. Mwishoni mwa msimu wa 1975 yeye na mwenzake Nellie King waliachishwa kazi baada ya mivutano na wasimamizi, na maelfu ya watu wakaandamana barabarani kumuunga mkono. Uamuzi haukubadilishwa. Prince alirudi kwa muda mfupi mwaka 1985, akafariki mwaka huohuo. Haki za Pirates zilibaki KDKA hadi mwaka 2006.

Kituo kinamilikiwa na nani leo?

Westinghouse ilikimiliki kwa miongo saba na zaidi. Mwaka 1995 kampuni hiyo iliinunua CBS, kisha yenyewe ikachukua jina la CBS, hivyo redio ikawa chini ya CBS bila kuuzwa kwa maana ya kawaida. Novemba 2017 kitengo cha redio cha CBS kiliunganishwa na Entercom, ambayo mwaka 2021 ilibadili jina na kuitwa Audacy. Televisheni ilibaki CBS, na kwa sababu hiyo KDKA ya redio na KDKA ya televisheni hazina tena mmiliki mmoja ingawa zinatumia jina moja.

Gereji ya Conrad bado ipo?

Haipo mahali pake. Ilibomolewa kwa utaratibu mwaka 2001, vipande vikawekwa alama na kuhifadhiwa kwa nia ya kuijenga upya kama makumbusho ya utangazaji.

Mtu aliye mbali na Pittsburgh atakisikiaje kituo hiki kwa njia ya AM?

Asubiri saa moja au mbili baada ya jua kuzama, atumie kipokeo chenye antena ya feriti ndani yake, na akizungushe kipokeo chenyewe mpaka sauti iwe na nguvu zaidi, kwa kuwa antena hiyo husikia vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Taa za LED, chaja za simu na vifaa vingine vya umeme vilivyo karibu huzalisha kelele nyingi kwenye mawimbi ya kati, kwa hiyo ni bora kuvizima. Miezi ya baridi hufaa kuliko ya joto, kwa sababu usiku ni mrefu na radi ni chache. Walio ndani ya Pittsburgh hawahitaji taabu hiyo: siku hizi matangazo yaleyale hupatikana pia kwenye FM 100.1 na kwenye intaneti.